Sabuni Yenye Nyota

Nimewahi kukalishwa mbele ya darasa kama kifaa cha kufundishia. Sitanii. Ubaoni, juu ya kichwa changu, paliandikwa: UKOSEFU WA AJIRA.

Mwalimu alikuwa binti yangu wa kumzaa.

Nilikuwa mkataji kwenye kiwanda cha sabuni. Shule niliiacha mapema, ila na mashine ya kukatia sabuni kwa nyaya tulielewana.

Siku moja meneja akanijia.

"Fundi, sogeza nyaya kidogo. Bei ileile, karatasi ileile."

Nikasogeza. Kipande kikapungua upana wa kidole. Mteja angejuaje? Cha zamani alishakifulia kikaisha.

Kwangu hakikuisha. Wafanyakazi tulipewa sabuni kila mwezi, zimegongwa nyota mgongoni ili tusiziuze. Kabati la bafuni lilijaa, za zamani na mpya.

Binti yangu anafundisha uchumi, wale wanaoanza. Mifano ya vitabuni haitaki. Akabeba vipande viwili, cha zamani na kipya, akavipanga mezani darasani.

"Bei haijapanda," akawaambia. "Mbona mnalipa zaidi?"

Mwanafunzi akapiga picha. Ikasambaa kama moto wa nyika, mpaka kwenye simu ya meneja.

"Fundi, hii nyota imetoka kwa nani? Mwenye mtoto mwalimu hapa ni wewe tu."

"Imetoka kwangu."

"Basi acha glavu hapo."

Nikaziacha. Nilingoja hasira ije. Haikuja.

Nyumbani binti alilia mpaka akapaliwa.

"Baba, nisamehe. Sikuiona hata hiyo nyota."

"Kula kwanza, mama."

Muhula uliofuata akanijia tena, anaangalia sakafu.

"Baba, sasa tuko kwenye mada ya ajira. Ukija wewe wataelewa."

Mama yake akaguna jikoni. "Umemmwagia unga wake, sasa unataka kumwanika na yeye?"

Nikaenda. Asubuhi sikuwa na pa kwenda.

Waliniuliza mengi, nikajibu kama mtu anayesoma kibao cha duka. Kisha msichana wa nyuma akanyoosha mkono.

"Mzee, siku hizi nyumbani mnatumia sabuni gani?"

"Ileile."

"Pamoja na yote hayo?"

"Nyingine zote ni ghali. Na sasa tunanunua."

Hakuna aliyecheka. Binti yangu akageukia ubao, akaanza kufuta, na kipindi kilikuwa hakijafika hata nusu.

Funzo mnalolitaka ni hili: kabla hujapeleka mfano darasani, ugeuze kwanza. Tazama mgongoni una chapa ya nani.