Kitabu cha Kufungia Usipa

Nella alikuwa na ugonjwa wa kutaka kujua, na ugonjwa huo hauna dawa. Redio yake ya kwanza aliifungua kwa kisu cha jikoni siku ileile aliyoinunua, akachungulia ndani, akaridhika, kisha akashindwa kuifunga. Baadaye ilifuata saa ya mumewe, halafu pasi ya jirani, zote kwa nia njema kabisa. Pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, watu walimpenda sana, ila akija kuwatembelea walificha vitu vyao.

Kazi yake ilikuwa kuuza usipa, wale dagaa wa ziwani, kwenye soko la kambi. Karatasi za kufungia alizifuata Lilongwe, soko la Area 36, kwa mwanamke aliyeuza makaratasi makuukuu kwa kupima: mitihani ya zamani, magazeti, vitabu ambavyo maofisi yamevichoka. Kwa kawaida hakuyasoma. Alichana, akafunga, mteja akasema zikomo, yaani asante, basi. Lakini asubuhi moja mkono wake ulikuwa umeshachana sehemu nzuri ya kitabu kinene alipoona picha ya mstari unaopanda na kushuka, na chini yake maneno ya Kifaransa yaliyoeleza kwamba kale kanundu kadogo pale mwanzoni ni mwimbaji anavuta pumzi. Nella akaacha kuchana. Pumzi ina picha? Mteja alisubiri usipa wake mpaka akaenda kununua kwingine.

Kumbe kilikuwa kitabu cha kumfundisha mtu kurekodi muziki kwa programu ya kompyuta. Kilifikaje Area 36, Mungu ndiye ajuaye. Sura za mwanzo zilikuwa zimeshakwenda na samaki kwenye masufuria ya watu, kwa hiyo Nella alianzia ya tatu. Kompyuta hakuwa nayo, wala hakuwahi kuigusa. Alichokuwa nacho ni Kifaransa cha shule ya Uvira kule Kongo, alikokulia baada ya wazazi wake kukimbia Burundi, na Kifaransa hicho kilikuwa kimeota kutu. Alikisugua hivyohivyo, huku akifukuza nzi kwa mkono wa pili.

Kilichomkosesha raha ni hili: kitabu kilisema kila sauti ipewe njia yake peke yake, na njia hizo zilale moja juu ya nyingine kama mablanketi. Unaweza kuvuta moja ukaiondoa, nyingine zikabaki mahali pake. Nella alikuwa mwanakwaya kanisani, sauti ya pili, na tangu siku hiyo hakuimba tena kwa amani. Jumapili moja alisikiliza besi tu, kana kwamba wengine hawapo. Jumapili nyingine alimsikiliza mwenzake Benedicte peke yake, akagundua kwamba miaka yote hiyo Benedicte hukohoa kidogo kabla ya kila ubeti. Alipomweleza, Benedicte alinuna wiki nzima, na alikuwa na haki.

Kisha habari ikaja. Mama Mukakarangwa, mwanzishaji wa nyimbo za kwaya, alikuwa amepata safari ya kwenda Kanada kwa wanawe.

Watu walimpongeza wakalia, maana ndivyo safari zinavyopokewa pale. Kwaya ndiyo iliyopigwa zaidi. Mama Mukakarangwa ndiye aliyeanza kila wimbo, wengine waliitikia, na hakuna aliyewahi kuwaza kwamba mtu mwingine angeweza kuanza. Kwaya ya kanisa la jirani ilikufa hivyohivyo: mwanzishaji wao alipanda ndege, waliobaki wakawa wanakuja mazoezini kutazamana, mwishowe wakaacha kuja. Nella aliogopa kifo hicho waziwazi, kwa kuwa kwaya ndiyo ilikuwa ukoo wake. Ukiondoa mumewe, mwingine hakuwa nao.

"Mi nitachukua sauti yake," aliwaambia wenzake. "Tutaiweka mu baffle, ile spika. Kila Jumapili ataanza, sisi tutaitika, kama vile iko hapa."

Walimtazama kama walivyoitazama ile pasi. Lakini nani alikuwa na wazo bora?

Apollinaire, kijana wa Kirundi mwenye chumba kidogo cha kurekodi karibu na soko, alimpokea kwa kicheko. Nella alimweleza habari za njia, za kupunguza mwangwi, za mahali pa kuweka mikro, mpaka kijana akaacha kucheka akamsogezea kiti.

"Haya, yaya, dada yangu, kaa. Fungua tuone."

Nella akaketi mbele ya kompyuta, mikono magotini, akaitazama sana.

"Mi sijui kuiwasha," alisema. "Hiyo ilikuwa mu sura ya kwanza. Niliiuza na usipa."

Apollinaire alicheka mpaka akatoa machozi, kisha akaiwasha. Tangu hapo wakawa wanafundishana, yeye akijua kwa vidole na Nella akijua kwa kitabu, na mara nyingi hawakukubaliana. Nella alitaka kubonyeza kila kitu aone kitafanya nini. Siku moja aliifanya sauti ya Apollinaire iwe kama ya mtoto mchanga, wakashindwa kuirudisha hadi jioni, na hakuna siku aliyofurahi kama hiyo.

Mama Mukakarangwa alipokuja kurekodi, walifuata kitabu: mwimbaji peke yake, kaske ya kusikilizia masikioni, mikro mbele ya mdomo. Alianza vizuri, mstari wa kwanza, sauti ile nzito iliyokwaruza kidogo. Halafu akanyamaza. Wakangoja.

"Mama, endelea," Nella alisema.

"Niendelee kwenda wapi? Hakuna mutu alinijibu."

Walijaribu tena na tena, na kila mara aliishia palepale. Nella akarudi kwenye kitabu, akakuta mahali waliposema unaweza kutanguliza sauti ya muda, ya kushika nafasi tu, kisha uizime. Basi yeye mwenyewe akaimba nafasi ya kuanza, kwaya yote ikajibana mlangoni ikaitikia. Siku ya pili Mama Mukakarangwa akavaa kaske akasikiliza.

"Ule anaimba pa nafasi yangu njo nani?"

"Ni mi, Mama. Nilishika nafasi tu. Nitaizima."

Mama Mukakarangwa akaiweka kaske sawa. Akaimba mwanzo hadi mwisho, wenzake wakimjibu masikioni mwake, na Nella akaona kwenye kioo cha kompyuta pumzi zake zote zimesimama kwenye mstari. Alilia bila kuficha. Baada ya siku chache basi la wasafiri likamchukua Mama Mukakarangwa kuelekea uwanja wa ndege wa Lilongwe, na kwaya ikalisindikiza kwa miguu hadi ilipochoka.

Jumapili iliyofuata, baffle liliwekwa mahali aliposimama yeye, Nella na kompyuta kando. Sauti ilitoka, kwaya ikaitikia, na kanisa zima likashtuka kwa furaha. Ilikuwa yeye kabisa. Hata Benedicte alimtazama Nella kwa jicho la msamaha.

Katikati ya wimbo akainuka Papa Nzabonimana. Alikuwa amemzika mkewe mwezi huo, na hakuwa amekanyaga kanisani tangu mazishi. Akaja mbele taratibu, akainua mikono juu kama pembe za ng'ombe, akaanza kucheza. Desturi yao inajulikana: mtu akija mbele na mzigo wake, mwanzishaji habadilishi ubeti. Anakaa pale pale, anarudia mstari uleule hata mara ishirini, mpaka yule mtu amalize na kurudi kwenye benchi lake. Mama Mukakarangwa hakuwahi kumwacha mtu njiani.

Baffle likavuka kwenda ubeti wa pili.

Kwaya ikababaika, nusu ikaitikia huku, nusu kule. Papa Nzabonimana alibaki katikati na mikono yake hewani, asijue aishushe au aiache. Watu wakamgeukia Nella. Naye alijua kwamba kitabu kina sura nzima ya kurudia kipande, aliijua kwa moyo, na kidole kilishaanza kwenda. Lakini kipande kingerudi vilevile kila mara, bila kumwona mzee yule, bila kujua kama amechoka au bado. Mashine haikuwa na kosa. Ilikosa macho tu.

Akaizima. Nella akavuta pumzi na kuuanza ule mstari wa mwanzo, akimtazama Papa Nzabonimana usoni. Kwaya ikamjibu. Akaurudia. Wakamjibu tena, safari hii wote. Mzee akacheza na kulia, akacheza, na Nella akakaa naye hapohapo mpaka aliposhusha mikono mwenyewe na kurudi kwenye benchi.

Baada ya ibada Apollinaire alikuwa anakunja waya.

"Yaya, ile sauti yako ya kushika nafasi bado imo mu ordinatere, hii kompyuta. Niiweke?"

"Ya Mama weka muzuri sana, batoto bataisikia," Nella alisema. "Yangu futa. Mi niko hapa."