Kadi Niliyoificha Mkobani

Jumanne, tarehe 10 Novemba 1992, nilikwenda zahanati moja ya Kicukiro kuondolewa vijiti vya uzazi wa mpango. Mume wangu alikuwa amefariki, sikuvihitaji tena.

“Viliwekwa mkono gani, mama?” aliuliza muuguzi.

Nilikuwa nimesahau, lakini kiburi kikajibu: “Huwekwa mkono usiofanya kazi. Mimi huandika kwa kulia. Basi ni kushoto.”

Alipapasa sana, asihisi kitu.

“Vimezama. Kata tu!” nikamhimiza.

“Nisichokigusa sikikati, mama. Kadi uliyopewa vilipowekwa iko wapi?”

Nilisema imepotea, ingawa ilikuwa mkobani. Sikutaka aone nilivyotia sahihi Juni 1990, kabla sijajua kuandika.

“Basi utakwenda hospitali, mkono upigwe picha.”

Kusikia hospitali, nikaitoa kadi.

Akasoma kwa sauti: “Mkono wa kulia. Mama ni mashoto.”

Kweli, kuandika kwa kulia nilifundishwa baadaye, katika darasa la watu wazima. Najuta hadi leo: nilikuwa tayari kupasuliwa mkono usio na kitu ili nisiaibike.

Akagusa mkono wa kulia, akahesabu vijiti sita. Kisha akaigeuza kadi, akanitania kwa vile nilivyojidai kumfundisha kazi yake:

“Na alama hii ya dole gumba penye sahihi, mwalimu, ni ya nani?”