Tandiko la Atuganile

Kwenye vilima vya juu ya Uyole, tandiko ni chochote unachokitandaza ili kitu kizito kisiumize. Kuna tandiko la kulalia, kuna la waombolezaji kukalia msibani, na kuna la punda, blanketi au magunia yaliyoshonwa na kujazwa nyasi kavu, linalowekwa mgongoni kabla ya mzigo.

La Atuganile lilikuwa blanketi la marehemu mumewe, Silvester. Baada ya msiba ndugu waligawana nguo zake, lakini blanketi alilofia hakuna aliyeligusa. Mjane akalijaza nyasi, akalishona, akamvika punda wake. Miaka yote tangu hapo viazi vyake vilishuka hadi barabara kuu juu ya blanketi hilo.

Msimu huu lilinyeshewa, naye akalifunga kabla halijakauka. Nyasi ziligandamana ndani zikawa ngumu kama gogo. Jioni alipolivua, lilitoka na ngozi.

Viazi vilikuwa vimeshachimbwa, vimelundikana shambani, na mvua haikungoja. Vikilowa vinaoza, na hana zao jingine. Barabara ya lori kupanda huku imeahidiwa kila uchaguzi, na kila uchaguzi inaishia midomoni. Wakubwa wanaita huu uvumilivu wa wananchi. Mimi nauita mgongo wa punda, na sasa umetoboka.

Jirani yake, Asukile, alipita na punda wake wawili, wamelemewa na viazi vyake mwenyewe. Akachungulia kidonda, akasema amewahi kuona vikubwa kuliko hicho.

“Mfunge tu, shangazi. Punda huyo, atazoea.”

“Lete mgongo wako basi, nikufunge wewe.”

Asukile akacheka, akaendelea na safari.

Atuganile aliosha kidonda kwa maji ya chumvi. Kisha alikaa kizingitini muda mrefu, mikono mapajani, akilitazama lile lundo. Alipoinuka alifumua tandiko, akamwaga nyasi zilizooza, akalikung'uta blanketi, akalisokota kuwa ngata. Akaiweka kichwani, na juu yake debe la viazi.

Punda alimfuata mteremko mzima akiwa hana mzigo. Aliposimama kupumua, punda naye alisimama.

Barabarani alitua debe, akamwaga viazi kando ya lami, akanyoosha shingo. Magari yalikuwa yakipita. Akaokota ngata yake, akaanza kupanda tena.