Kengele ya Bwawani

"Atakayesikia kengele ya raundi ya tatu, nauli ya kurudi kwao nalipa mimi!"

Ndivyo bondia Nyundo alivyotamba mbele ya waandishi siku ya kupima uzito, na kwa miaka mingi hakumlipia mtu nauli. Kisha akakutana na mmoja aliyeisikia hata ya kumi. Akastaafu na mkanda mmoja, pua iliyopinda na wito wa uchungaji. Wito huo mkewe hakuutilia shaka. Kilichomtisha ni ukimya uliomshika mumewe ghafla.

Kanisa lao lilikuwa karakana ya seremala. Hadi leo vumbi la mbao huwatia wanakwaya chafya. Katikati ya mahubiri Nyundo hukatika, macho yakaganda, midomo ikitafuna hewa.

"Ameshukiwa!" waumini hushangilia.

Mkewe huyaona macho yayo hayo jikoni, bomba likimwagikia mikono ya mumewe mpaka ndoo inafurika. Jikoni hakuna wa kusema haleluya.

Ubatizo uliopita Nyundo alimzamisha bwawani fundi cherehani, mzee wa kanisa aliyetaka kubatizwa upya, akaganda naye majini. Watu wakazidisha pambio. Fundi alipoibuka, midomo myeusi, akashuhudia kwamba ameona nuru.

"Nuru gani, mzee wangu?" mke akamnong'oneza. "Ulikuwa unakata roho!"

"Mama mchungaji, usimzimishe Roho."

Sasa ilikuwa zamu ya binti yao.

"Mume wangu, mwache mwingine ambatize."

"Nimeshika mkanda wa ubingwa, nishindwe kumshika mwanangu?"

"Kushika unajua. Kuachia je?"

Nyundo akacheka, kicheko kikakatika njiani, kikombe kimening'inia mkononi. Mkewe akashtuka, mfuniko wa sufuria ukamponyoka: ngaa! Nyundo akatua kikombe, akashusha mikono, akarudi kinyumenyume hadi pembeni, akaketi juu ya ndoo, mdomo wazi, akingoja kunyweshwa maji. Kichwa kilishasahau mengi, ila kengele ya ulingoni hakijaisahau.

Jumapili mama akaenda bwawani na mfuniko na mwiko mkobani. Binti akazamishwa. Macho ya Nyundo yakaganda. Pambio likapanda. Mapovu yakaja mengi, kisha machache.

Mama akagonga.

Nyundo akaachia, akarudi nyuma hadi pembe ya bwawa. Binti akaibuka akitapika maji. Mama akamvuta kwa kola ya kanzu.

"Basi! Kesho hospitali. Humu haingii mwingine."

Lakini foleni ya kanzu nyeupe ilikuwa inasogea, na wa nyuma walishaanza kuvua viatu. Fundi alikuwa analia kwa furaha.

"Una upako, mama mchungaji. Ila mfuniko unatutia aibu."

Jumatatu, mama akiwa amepiga magoti anamfunga Nyundo kamba za viatu waende kwa daktari, fundi akabisha hodi. Mkono mmoja una orodha ya watakaobatizwa Jumapili ijayo, mwingine kengele ya shaba. Akaitikisa kuijaribu. Nyundo akainuka, akaenda kuketi pembeni, asitake kutoka tena.

Kengele ilinunuliwa kwa sadaka, shilingi elfu nane.