Masanduku ya Mawe ya Kidugalo

Niliondoka Tabora wakati wa likizo kwa sababu ya barua. Baba mdogo Shija, aliyekuwa akimchimbia mawe mpimaji mmoja Mzungu huko Kidugalo, alihitaji mtu wa kumwandikia, maana yeye hajui kusoma. Mpimaji alimwahidi kazi ya kudumu kama mawe yangetoka pale sawasawa. Baba alinitazama akasema, "Wewe huongei, lakini mwandiko wako unasomeka." Basi nikapanda treni.

Pale stesheni ya Tura mama mmoja aliyekaa karibu nami aliniuliza ninakwenda wapi.

"Kutazama mawe."

"Kwani ya Tabora yamekwisha?"

Behewa zima likacheka. Nikageukia dirishani mpaka Dodoma.

Siku ya pili tuliipita Morogoro. Njia ile babu, mpagazi wa misafara, aliipita kwa miguu akiwa na pembe ya ndovu begani, na mimi nililalamika kwamba benchi ni gumu.

Kidugalo nilifika alasiri.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, karani. Sauti umeiacha nyumbani?"

Kesho yake akanipeleka korongoni, karibu na reli. Mawe yetu ya Tabora ni mabonge tu, yamekaa kama ng'ombe waliolala. Haya yamepangwa kama vitenge dukani: chini mchanga mgumu, juu yake udongo wa kijivu unaomeguka, kisha matabaka mawili ya chokaa yenye makombe ya baharini. Mpimaji alisema bahari ilikuwa hapa zama za Jura, kabla hajakuwapo mtu yeyote. Nilishika kombe lililojikunja kama pembe ya kondoo dume. Nakiri nililiramba nione kama lina chumvi. Halina.

Kila tabaka lilikuwa na sanduku lake, na namba niliiandika kwenye mfuniko tu, si kwenye mawe. Siku ya kufunga mizigo nilikwenda kuteka maji. Niliporudi, baba mdogo alikuwa ameyapakua mawe yote na kuyapanga upya.

"Inua sanduku hili. Sasa inua lile. Uzito mmoja," alisema. "La chokaa lingemvunja mtu bega, la udongo angebeba mtoto. Babu yako angenichapa."

Alikuwa amefurahi mno. Nikayaona matabaka yote yamechanganyika, nikanyamaza. Ni mkubwa wangu, na alikuwa anapiga mluzi.

Saa nane tuliambiwa mpimaji yuko njiani kwa kiberenge. Ndipo nikamwambia.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

"Ukaniacha nipige mluzi."

Tulimwaga yote chini. Udongo unashika kidole, mchanga unakwaruza, matabaka mawili ya chokaa niliyatofautisha kwa makombe niliyokuwa nimeyachora daftarini. Yakabaki mawe matatu ya chokaa nisiyoyachora, na lile la pembe ya kondoo mojawapo.

"Tia popote. Nani atajua?"

"Mimi," nilisema.

Akayaweka kando.

Mpimaji alipofika, baba mdogo alimwendea mwenyewe. "Bwana, nimeyachanganya. Mengine tumeyarudisha. Haya matatu hatujui kwao."

Mpimaji akawa mwekundu. Alifungua kila sanduku, akasoma daftari langu ukurasa kwa ukurasa. Lile la pembe ya kondoo aliligeuzageuza, kisha akalitupa majanini, maana bila tabaka lake halimfai kitu. Akampa baba mdogo nyundo na misumari. "Funga. Jumatatu tunaanza korongo la pili."

Stesheni, siku ya kurudi, baba mdogo alinitilia mkobani jiwe lile, aliloliokota majanini. "Halina kwao. Likae kwenu. Na siku nyingine, mwanangu, ukiniona napotea, niite hata kama nacheka."

Nilikuwa nikidhani kunyamaza mbele ya mkubwa ni heshima. Kumbe asubuhi ile nilikuwa naogopa tu, na kazi yake ilikuwa inaondoka huku namtazama.

Sasa mama analitumia kugandamizia mfuniko wa mtungi. Wageni wakiuliza jiwe gani lile, najibu mwenyewe, kabla mama hajafungua mdomo.