Herufi Kwenye Bawa la Nondo

Juzi nondo mdogo alitua kwenye pazia langu, nikakumbuka mchana mmoja Newala, nilipokuwa nimebaki peke yangu barazani. Hewa ilinuka moshi wa korosho. Baba yangu, Saidi, alikuwa amevuka Ruvuma kwenda vitani Msumbiji, na tangu mvua za kwanza hatukuwa tumepata habari zake.

Nondo alikuwa ametulia ukutani. Kila bawa lake la kijivu lilikuwa na alama nyeupe iliyojikunja kama herufi S. Ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kusoma, na jina la baba lilianza na herufi hiyo. Niliamini ametutumia barua. Sasa najua kwamba nondo wote wa aina ile wana alama hiyo.

Nilimfunika kwa viganja, nikamkimbilia mama aliyekuwa akitwanga muhogo nyuma ya nyumba. Nilipofungua mikono, alama zilikuwa zimefutika, na unga wa kijivu umenibaki vidoleni.

“Mama, nimeifuta barua ya baba!” nikalia.

“Iliandikwaje?”

“Herufi moja tu. Ya jina lake.”

Mama, ambaye hakuwahi kukaa darasani, aliweka mchi chini. “Hebu niandikie niione.”

Nikaichora mchangani. Aliitazama kwa muda, akachuchumaa, akachora yake kando. Ilikuwa imegeukia upande usio wake.

“Ndivyo?” akaniuliza.

“Ndivyo, mama.”

Aliichora tena na tena, hadi uani kote kukajaa herufi ya mtu ambaye hakurudi.