Kifaransa Changu cha Randa na Msumeno

Nilisoma mpaka darasa la tatu, basi. Sioni aibu kulisema, maana karakana yangu hapa Ngara mjini niliijenga mwenyewe, na waliosoma ndio wanaoniletea kazi. Lakini siku ile niliamka na wasiwasi kama mtoto mwenye mtihani.

Jana yake dereva mmoja alinipigia simu kutoka Burundi. Ana mgeni, akasema, binti mtu mzima aliyetoka Ulaya kuja kuona alipozaliwa, kambi ya wakimbizi ya Lukole hapa kwetu. Baba yake alikuwa seremala kambini, amefariki huko ugenini. Wameulizia wakaelekezwa kwangu. Akaongeza kwamba binti huyo hajui Kiswahili, na Kirundi anajua salamu tu, amelelewa kwa Kifaransa. Nisijali, yeye dereva atatafsiri.

Nikamjibu hakuna haja. Yule seremala ndiye aliyenipa kazi hii mkononi, na shukrani yake sikutaka ipite kinywani mwa mtu wa kukodi. Kifaransa ninacho, nikamwambia. Kimelala tu.

Sikudanganya. Fundi yule alifundishwa useremala kwa Kifaransa na mapadri kwao. Mambo ya nyumbani tulizungumza yeye Kirundi, mimi Kihangaza cha kwetu, ndugu yake, tukaelewana vizuri. Tukishika kazi, kila kitu kilikuwa Kifaransa. Randa iliitwa rabo, msumeno uliitwa sii, taratibu ni dusema. Nikikosea ananiambia rekomanse, nianze upya. Nilianza upya mara nyingi kuliko nilivyokula.

Kwa hiyo asubuhi ile nikasimama kwenye benchi langu, nashika chombo kimoja kimoja, nakisemesha. Mkono ukigusa, neno linakuja. Lakini ilikuwa siku ya soko. Mashine ya kusaga ya jirani inanguruma, gari la matangazo limesimama mbele ya mlango linanadi magodoro, bodaboda wanagombana juu ya abiria. Neno likija, spika inalifukuza.

Mara akaingia mama mmoja aliyeagiza kabati, Msukuma wa Biharamulo, mcheshi sana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Akanisikiliza kidogo. "Kumbe umeokoka? Naona unanena kwa lugha."

Nikamwambia ni Kifaransa.

"Sawa. Basi liambie kabati langu kwa hicho Kifaransa liende nyumbani lenyewe, maana kwa Kiswahili umeniahidi mpaka nimechoka."

Nikamwomba aje kesho. Akaondoka anacheka, nami nikagundua jambo lililonikata maini. Maneno niliyokuwa nayo yote ni vyombo na amri. Shika. Tazama. Kata hapa. Mesi, yaani asante, ninaijua, nani asiyeijua, lakini mesi ni ya kupokea kikombe cha maji. Neno la pole ya msiba sina. Neno la kusema umenifanya mtu, sina. Kwenye benchi hatukuwahi kuyahitaji.

Wakafika mchana. Binti alishuka kwenye gari, na uso ulikuwa ule ule wa baba yake, hata mwanya. Nikasema bonzhuu. Akafurahi, akamwaga Kifaransa kama mtu aliyefungulia bomba. Sikushika hata neno. Dereva akafungua mdomo, nikamnyamazisha kwa mkono.

Nikamvuta binti mpaka kwenye benchi. Nikamwambia tazama, nikampa randa, nikamwambia shika. Akashika. Kisha nikasimama kama baba yake alivyosimama, mguu mmoja nyuma, jicho moja limefungwa, natazama ukingo wa mbao kama ni bunduki. Yule binti alicheka mpaka akakaa juu ya rundo la mbao. Akafumba jicho naye, akaigiza kukata mkate. Nikaelewa: hata mkate baba yake alikuwa anaukata hivyo.

Hapo amri zangu zikaisha. Gari la magodoro linapiga kelele, na yeye anasubiri. Nilimwona anasubiri. Amesafiri kote huko aje aambiwe habari za baba yake, na mimi nimemwambia shika na tazama. Nikaona nikiendelea na jeuri yangu, marehemu atalipwa nusu.

Nikamwita dereva. "Mwambie nilikuwa mtu mzima, nina mke na watoto, nauza kuni kambini. Baba yake akaniona naangalia kazi yake, akanipa msumeno. Wenzake walimkataza, wakasema unamfundisha mwenye nchi, kesho atakunyang'anya kazi. Akawaambia waniache nijifunze."

Dereva akatafsiri. Binti alikuwa ananitazama mimi tu.

"Mwambie watu hapa husema sisi tuliwapokea wakimbizi. Kweli, tuliwapokea. Lakini mimi nilipokelewa na baba yake. Nyumba yangu, watoto wangu waliosoma, vyote vimetoka kwenye mikono ile."

Dereva alisitasita katikati, akajifuta uso, akamaliza. Binti akanishika mikono yote miwili, akaigeuza, akavitazama viganja. Akasema jambo kwa sauti ndogo.

"Anasema baba yake alizoea kusimulia habari za mwanafunzi mmoja wa Ngara," dereva akaniambia, "mwenye kichwa kigumu kama mninga. Anauliza kama ni wewe."

"Mwambie ndiye mimi."